Vipapatio viingie motoni firimbi ikilia

Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Sumbawanga, Simba ikaifunga Namungo mabao 2-1 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela. Mwaka uliofuata fainali ikapelekwa Kigoma, Julai 25, Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba tena ikashinda, safari hii 1-0 mbele ya Yanga. Sisi wa Mpanda tuko katikati ya miji hiyo miwili. Moja ilitupita kusini, nyingine kaskazini. Wenye nauli walipanda basi. Tuliobaki tulifanya kama tunavyofanya kila watani wa jadi wanapokutana: tukatafuta luninga, tukatafuta pa kukaa, tukatafuta cha kutafuna.

Cha kutafuna ndicho ninachotaka tukiongelee. Ukienda kibanda umiza, nje utakuta karai la chipsi kuku, na mafuta yake unayajua: asubuhi yalikuwa ya dhahabu, jioni yamekuwa na rangi ya kahawa, na kesho yatachujwa yaendelee na kazi. Mafuta yaliyokaangiwa siku tatu huharibika, hunuka, na humwachia mlaji kiungulia pamoja na vitu vingine ambavyo moyo hauvihitaji. Nyumbani unaweza kufanya tofauti. Vipapatio vya kuku vikiokwa vizuri havihitaji hata kijiko kimoja cha mafuta, kwa sababu ngozi yake ina mafuta ya kutosha kujikaanga yenyewe. Yale ya ziada yanadondoka chini unayaona kwa macho.

Sitakudanganya kwamba hicho ni chakula cha mgonjwa. Ngozi ni mafuta, uioke au uikaange, na mtu akila vipapatio ishirini peke yake asinilaumu. Lakini kati ya kipande kilichoogelea kwenye mafuta ya juzi na kipande kilichotoa mafuta yake motoni, mimi najua kipi nimpe mtoto wangu.

Mara ya kwanza nilishindwa vibaya. Nilipanga vipande kwenye sufuria kubwa, nikafunika, nikapalia makaa juu kama mtu anayeoka keki, nikaenda kuangalia mpira. Baada ya saa nzima nilifunua nikakuta kuku mweupe, amelegea, anaogelea kwenye maji yake. Shemeji yangu alichukua kimoja, akakigeuzageuza, akauliza kwa upole kabisa: "Na supu yake iko wapi?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechemsha kuku bila kujua.

Kosa lilikuwa maji. Ngozi ya kuku ikiwa na unyevu, joto lake haliwezi kupanda kupita lile la maji yanayochemka, na hapa Mpanda, tulipo karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya jirani aulize mnapika nini huanza kujitokeza joto la ngozi likipita nyuzi 140. Maana yake, hadi maji yaishe, unachofanya ni kutokosa tu. Kwa hiyo kazi yote, kuanzia sokoni mpaka mezani, ni kuyafukuza maji. Wengi tunadhani ngozi inayolia mdomoni, ile vijana wanayoiita krispi, inaletwa na mafuta. Inaletwa na ukavu.

Anza na kuku mwenyewe. Kwa vipapatio chukua kuku wa kisasa, yule wa nyama. Kuku wa kienyeji ni mtamu, hilo halina ubishi, lakini bawa lake ni mfupa na mshipa. Amelitumia kurukia juu ya mwembe, na dakika arobaini na tano za oveni hazimtoshi. Huyo apikwe mchuzi. Chotara anakaa katikati: ukimpata mchanga atakubali, akiwa ametaga miezi kadhaa mwache. Tatizo la mji wetu ni kwamba kuku wengi huuzwa wazima, na kuku mmoja, hata ubembeleze vipi, ana mabawa mawili. Usiende sokoni saa nane mchana siku ya mechi ukitegemea kukuta kilo tatu za vipapatio zinakusubiri. Ongea na muuza kuku siku mbili kabla, au zungumza na jamaa wa chipsi anayenunua kuku kumi kwa siku. Wateja wake wengi wanapigania paja na kidari, mabawa hayana vurugu. Ikishindikana kabisa, nunueni kuku wazima kwa kuchanga, mabawa yaende kwenye mechi na miili iende kwenye pilau la kesho. Kilo moja hukupa mabawa kumi mpaka kumi na mawili, yaani vipande ishirini na kitu, na hiyo inawatosha watu wanne wasio na njaa ya safari.

Bawa lina viungo viwili. Likunje na ulikunjue mara moja, uone linapojipinda, pitisha kisu hapohapo kwenye gegedu. Kisu kikigoma ujue umepiga mfupa, sogeza kidogo. Utapata kipande kinene kama paja dogo, kipande bapa chenye mifupa miwili, na ncha. Ncha ziweke kando kwenye bakuli, usizitupe.

Sasa suala la kuosha. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema kuku mbichi asioshwe, kwa sababu maji yanayoruka husambaza vijidudu kama salmonela kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye nyanya zako za kachumbari. Najua kumwambia mama wa Kitanzania asioshe kuku ni kutafuta ugomvi. Basi osha, lakini osha ndani ya beseni, maji kidogo, polepole, bila kumfungulia bomba, kisha beseni lioshwe kwa sabuni na mikono pia. Ubao wa kukatia kuku usikatie kachumbari.

Baada ya hapo kausha, na hapa usiwe na haraka. Chukua kitambaa safi ambacho hutakitumia kwa kazi nyingine kabla ya kufuliwa, au karatasi za jikoni, na kausha kipande kimoja kimoja, mpaka kwenye mikunjo ya kwapa. Ukishika ngozi inatakiwa iwe kama ngozi ya mkono wako, isiteleze. Mwenye friji afanye kazi hii usiku wa kuamkia mechi, apange vipande kwenye sahani bila kuvifunika, rafu ya chini kabisa ili visidondokee chakula kingine. Asubuhi atakuta ngozi imekuwa nyembamba na inang'aa kidogo, karibu kama karatasi. Asiye na friji achinje au anunue mchana siku yenyewe, akaushe, kisha aviweke kivulini penye upepo chini ya wavu wa kuzuia nzi. Nusu saa inatosha. Kwa joto letu la Septemba na Oktoba, kuku mbichi asikae nje zaidi ya saa mbili kwa jumla.

Viungo vya kupaka kwa kilo moja ni hivi: beking pauda vijiko vidogo viwili, chumvi kijiko kidogo kisichojaa, pilipili manga nusu kijiko, binzari nyembamba ya kusaga nusu kijiko, na kitunguu saumu cha unga kama unacho. Changanya vyote vikavu kwanza, nyunyizia, pekecha kwa mikono mpaka kila kipande kiwe na vumbi jembamba. Kisionekane kimepakwa unga. Kikionekana, umezidisha.

Beking pauda ndiyo ufundi wenyewe. Ina ubesi kidogo unaoilegeza ngozi na kuisaidia kupata rangi mapema, na inapokutana na unyevu uliobaki hutoa vipovu vidogo vya gesi vinavyoiacha ngozi na vilengelenge vidogo vingi. Hivyo ndivyo vinavyolia ukiviuma. Usiibadilishe na magadi kwa kudhani ni ndugu, utakula kuku mwenye ladha ya sabuni. Na usiibadilishe na hamira, hiyo ni ya maandazi. Ukiikosa kabisa, tumia kijiko kikubwa kimoja cha unga wa mchele kwa kilo. Mchele wa Mpimbwe uliosagwa laini unafanya kazi nzuri, ingawa ganda lake ni gumu kidogo kuliko la beking pauda.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kidogo kimoja kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Beking pauda nayo ina sodiamu yake. Kwa hiyo usiongeze vile vichemsho vya mchuzi vya kwenye pakiti. Hivyo ni chumvi iliyovaa nguo ya kuku.

Utaniuliza: ndimu je? Tangawizi mbichi? Kitunguu saumu kilichotwangwa? Hapo ndipo tunapoharibu. Sisi tumezoea kuloweka nyama, na kwa mishikaki ni sawa kabisa, lakini hapa kila kitu kibichi kinarudisha maji uliyoyafukuza usiku kucha, na ndimu inaua nguvu ya beking pauda kabla haijaingia motoni. Vyote hivyo vina nafasi yake, baada ya kuoka. Subira kidogo.

Mechi nyingi kubwa za ligi yetu huanza saa 11 jioni. Vipapatio kwenye moto wa nyuzi 220 huchukua dakika 45 mpaka 50. Sasa piga hesabu. Washa oveni saa 10:40 ipate moto sawasawa. Timu zikiwa zinaingia uwanjani, panga vipande juu ya wavu wa chuma uliowekwa juu ya trei, ngozi iangalie juu, visigusane. Chini ya wavu tandika foili, utanishukuru wakati wa kuosha. Firimbi ya kwanza ikilia, ingiza. Dakika ya 25 amka ugeuze kila kipande. Ikitokea penalti wakati huohuo, mtume mtu, asitumwe shabiki wa timu inayopiga. Mapumziko yakifika, vinatoka. Watu wana dakika kumi na tano za kula bila kukosa bao, na wewe mpishi umekosa dakika tatu tu za kipindi cha kwanza.

Bila wavu usioke. Kipande kinacholalia trei kinalala kwenye mafuta na maji yake, upande mmoja unakuwa mkavu na wa pili unakuwa kile alichokiulizia shemeji yangu. Wavu wa kuchomea samaki unafaa. Kama huna, viringisha foili iwe kama kamba nene, zipange kwenye trei, vipande vikae juu yake.

Wenye oveni ni wachache, nalijua hilo, na hata mwenye nayo asiitegemee kupita kiasi. Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na aliyekulia hapa hawezi kuandaa shughuli bila kuwa na gunia la mkaa uani. Kwa hiyo tuje kwenye sufuria, na safari hii tulifanye kwa akili.

Tafuta sufuria kubwa la bati nene na mfuniko bapa, au sinia la chuma la kulifunika. Ndani weka mawe madogo matatu makavu au vikopo vilivyopinduliwa, juu yake wavu. Washa mkaa wa kutosha majiko mawili, usubiri mpaka uwe mwekundu wenye majivu juu, usiwe ule unaotoa moshi. Gawa hivi: robo chini, robo tatu juu ya mfuniko. Hapa uso ndio tunaoutaka. Lipe sufuria tupu dakika kumi na tano lipate moto. Kujua kama limefika, nyunyiza chembe za unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, weka ndani juu ya wavu, funika. Ukibadilika kuwa kahawia ndani ya dakika moja hivi, uko tayari. Ukibaki mweupe, ongeza mkaa juu. Ukiwa mweusi, punguza.

Kisha jambo ambalo mimi sikulijua mara ya kwanza: mvuke lazima utoke. Sufuria lililofungwa vizuri ni jiko la kuchemshia. Weka kijiti cha chuma au kijiwe kati ya mfuniko na mdomo wa sufuria, nafasi ya unene wa kidole, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila baada ya dakika kumi na tano funua, pangusa maji yaliyojikusanya chini ya mfuniko, rudisha, ongeza mkaa juu. Kwa njia hii hesabu dakika sitini mpaka sabini, kwa hiyo ingiza saa 10:35 na usisubiri firimbi. Usipange tabaka mbili. Kilo moja kwa mkupuo kwenye sufuria kubwa, si zaidi. Na fanyia kazi hii nje au barazani penye hewa. Wakati wa masika watu huingiza jiko la mkaa sebuleni kukwepa mvua, na gesi ya mkaa haina harufu ya kukuonya.

Kuna njia ya tatu, na mimi naipenda. Kama mtaani kwenu, iwe Makanyagio, Nsemulwa au Kashaulili, kuna mtu mwenye tanuri la kuni la kuokea mikate, nenda umwombe nafasi mikate yake ikitoka. Tanuri lililotoka kuoka mikate bado lina moto mwingi wa kuta na hewa kavu, na hewa kavu ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta muda wote huu. Mpelekee na yeye sahani yake.

Kuiva utakujua hivi: choma kipande kinene karibu na mfupa kwa ncha ya kisu, maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu, na nyama iachie mfupa ukiuvuta. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74. Kwa vipapatio, kuzidisha dakika tano hakuharibu kitu, ngozi yake na mafuta yake vinavilinda. Kupunguza dakika tano ndiko kunakokurudisha kwenye supu.

Sasa vile vibichi ulivyovizuia vipate nafasi yake. Wakati kuku yuko motoni, weka kwenye kikaango kidogo vijiko vikubwa viwili vya asali, kitunguu saumu punje mbili zilizotwangwa, tangawizi kiasi cha ncha ya kidole, pilipili mbuzi kadiri ya ujasiri wa wageni wako, na maji kijiko kimoja. Pasha dakika mbili, epua, kamulia ndimu. Asali tunayo, wala hatuhitaji kuiagiza: misitu ya miombo ya Mlele, upande wa Inyonga, imetulea kwa asali tangu wazee wa Kikonongo wakitundika mizinga ya magogo. Nunua ile ambayo haijachanganywa na sukari guru. Usiipake kabla ya kuoka, maana asali ni sukari, itaungua iwe nyeusi na chungu kabla kuku hajaiva. Asali pia asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kulamba.

Asiyependa utamu atengeneze ya ukwaju: loweka, kamua, chuja, tia pilipili na binzari, chemsha mpaka uwe mzito. Au ya karanga: karanga zilizokaangwa na kusagwa, nyanya moja iliyochomwa, pilipili, ndimu, maji ya moto ya kuilegeza. Hii ya karanga ndiyo inayoisha kwanza nyumbani kwangu, hata kuku wakibaki.

Sosi yoyote utakayoichagua, iwe kwenye bakuli lake, watu wachovye. Huko Marekani, ambako vipapatio vya pilipili vilipata umaarufu kutoka baa moja ya mji wa Buffalo mwaka 1964, wao huvichanganya vyote na sosi ndani ya beseni. Lakini hao huvikaanga na kuvila papo hapo. Wewe umehangaika usiku kucha kuikausha ngozi, ukiimwagia sosi italegea kabla marudio ya bao hayajaisha. Kwa sababu hiyohiyo usiviweke kwenye hotipoti wala usivifunike na sahani. Viache wazi kwenye wavu dakika tano, kisha mezani.

Pembeni weka kachumbari nyingi kuliko unavyodhani: kabichi, nyanya, kitunguu, tango, karoti, ndimu. Weka na viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha badala ya chipsi. Kama ni jioni ya dakika 120 na matuta, watu wataendelea kuchota, basi kilichobaki mezani zaidi ya saa mbili kirudi motoni mpaka kichemke ndani, au kitupwe.

Zile ncha ulizoziweka kando kwenye bakuli hazijasahaulika. Zichemshe usiku huohuo, au mapema ndani ya zile saa mbili kama huna friji, na chumvi kidogo, tangawizi na kitunguu. Asubuhi aliyefungwa atapita kuomba msamaha kwa maneno aliyoyasema jana, na safari hii akiulizia supu, ipo.